Runinga-redio ya inchi 5 yenye mvumo na mstari mweupe: wapi pa kuanzia

Msomaji wa Kibokoni, Mombasa, anauliza:

"Asalaam aleikum fundi. Marehemu babu ametuachia runinga ndogo ya kubeba mkononi, nyeusi na nyeupe, kioo cha inchi 5, na ndani yake mna redio ya FM na AM. Inatumia umeme wa ukutani, mawe makubwa tisa, au betri ya gari. Imekaa kabatini kama miaka ishirini. Nimeichomeka: redio inashika stesheni lakini inavuma mfululizo, na ukigusa volyumu inakwaruza. Nikisukuma swichi upande wa TV, unatokea mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo, basi. Fundi wa mtaani amesema niiuze chakavu, kwani hata ikipona hakuna stesheni za kushika. Je, yatengenezeka? Nina mita na chuma cha kulehemu. Nianzie wapi?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Yatengenezeka, na usiiuze. Ila kwanza nakuomba jambo moja: usiiwashe tena upande wa TV ukauacha ule mstari uking'aa. Miale yote iliyokuwa itandazwe kioo kizima imekusanyika pale katikati, na dakika chache za mwangaza mkali zatosha kuunguza ule unga mweupe uliopakwa nyuma ya kioo. Ukishaungua, hata runinga ikipona utabaki na alama ya kahawia iliyokata picha katikati, nayo haifutiki. Ukilazimika kuiwasha kwa kupima, punguza mwangaza hadi mstari uonekane kwa shida chumba kikiwa giza.

Sasa usikilize huo mstari unasema nini, kwa maana wengi wakiuona hudhani tyubu, yaani kile kioo cha picha chenyewe, imekufa. Ili mstari uonekane, lazima uzi wa moto ulio shingoni mwa tyubu uwake, flaibeki, yaani transfoma ya volti kubwa, itoe volti zake elfu kadhaa, transista ya mlalo ipige mara 15,625 kwa sekunde, na koili ya mlalo ivute miale kutoka ukingo hadi ukingo. Yote hayo yako hai kwenye runinga ya babu. Flaibeki na tyubu ndivyo vipuri viwili ambavyo vikifa huwezi kuvinunua tena, labda upate runinga nyingine ya aina ile ile uivunje. Kilichokufa kwako ni sehemu ya wima peke yake, ile inayoshusha miale kutoka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde, na vipuri vyake ni vya kawaida: kapasita, rezista, pengine IC (chipu) moja. Ungeniandikia kwamba kioo ni cheusi kabisa na kuna harufu ya kuungua, jibu langu lingekuwa jingine.

Redio nayo imekupa msaada mkubwa. Kwa kuwa inashika stesheni, ujue transfoma ni nzima, spika ni nzima, na umeme unaifikia bodi. Mvumo ni ugonjwa wa chakula cha umeme, na huo ndio utakaoanza nao. Usiguse sehemu ya wima kabla umeme haujawa safi, la sivyo utapima volti za uongo siku nzima.

Kabla ya kufungua, chomoa plagi, toa mawe, na utazame nyuma kama kuna kiswichi cha kuchagua 110 au 220. Huku kwetu umeme ni volti 240, kwa hiyo lazima kiwe kwenye 220 au 240. Kama bamba la nyuma linasema volti 100 au 117 pekee, runinga hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya Japani au Marekani. Usiichomeke ukutani bila transfoma ya kupunguza. Skrubu za nyuma huwa nne hadi sita, na mara nyingi moja imejificha ndani ya chumba cha mawe. Vuta mgongo taratibu, maana waya wa antena na nyaya za chumba cha mawe zimeunganishwa nao na hukatika kwa haraka ya mtu. Piga picha kila hatua kwa simu yako. Picha hizo utazihitaji utakapokuwa huna hakika waya mwekundu ulitoka wapi.

Ndani utaona tyubu, na ubavuni mwake kikombe cha mpira chenye waya mnene unaotoka kwenye flaibeki. Chini ya kikombe hicho mna volti elfu 5 hadi 7 kwa tyubu ya ukubwa huu, na tyubu huhifadhi chaji hata baada ya kuzimwa. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzima wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, na upande wa pili uufunge kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita mgongoni mwa tyubu. Usiufunge kwenye bodi, kwa sababu mshtuko ukipitia huko unaua transista. Mkono mmoja uweke nyuma, na kwa ule mwingine ingiza ncha ya bisibisi chini ya kikombe hadi iguse chuma. Utasikia "tap" au hutasikia kitu. Ngoja dakika moja, rudia. Na popote utakapoishika tyubu, usiishike shingo: ni kioo chembamba, na ikivunjika hewa huingia kwa kishindo na vigae huruka.

Kama kuna mawe yaliyovuja, shughulikia hilo sasa. Mawe ya kawaida ya zinki yakivuja huacha tindikali. Isafishe kwa magadi ya kupikia yaliyokorogwa na maji kidogo. Mawe ya alkali huacha unga mweupe, na huo husafishwa kwa siki. Ukikosea hapo unaongeza kutu badala ya kuitoa. Baadaye pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha spiriti safi ya isopropili, na uache ikauke. Spiriti ya kupaka vidonda haifai, kwani nyingine zina mafuta yanayobaki kwenye bodi.

Haya, tuje kwenye umeme. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata mita: iwashe kwa betri ya gari ya volti 12 kupitia tundu la DC. Betri haina mvumo. Tazama mchoro mdogo ulio kando ya tundu uone kama katikati ni chanya au hasi, maana runinga za zamani hazikukubaliana katika jambo hili, na kugeuza nyaya huweza kuchoma transista zote kwa mara moja. Kwenye waya wa chanya pachika fyuzi ya ampea 2. Betri ya gari ina nguvu ya kuyeyusha waya ikikutana na shoti, usiiunge bila fyuzi. Ukiwa na mita ya ampea, redio peke yake yapaswa kula kama ampea 0.1 hadi 0.2, na TV kati ya 0.7 na 1.2. Ukiona imepita 1.5, zima, kuna shoti.

Mvumo ukipotea kwenye betri, ubovu uko kati ya transfoma na kapasita kubwa ya kuchuja. Ukibaki vile vile, tazama waya wa ardhi (njia ya pamoja ya bodi) wa volyumu, au vikapasita vya sehemu ya sauti. Nahisi sana wako utapotea.

Kapasita ya kuchuja ni ile nene kuliko zote, karibu na dayodi nne za transfoma. Thamani yake mara nyingi ni maikrofaradi 2200 hadi 4700, volti 25. Kuipima, washa redio kwa umeme wa ukutani, weka mita kwenye AC, na upime juu ya miguu ya kapasita hiyo. Ikiwa nzima utaona chini ya nusu volti. Ikiwa imekauka utaona volti 2 au zaidi. Angalizo: mita za bei nafuu hudanganywa na DC iliyopo pale, kwa hiyo pachika kapasita ya maikrofaradi 1 isiyo na chanya wala hasi kwenye waya mmoja wa mita. Njia nyepesi zaidi ni kuzima, kuunga kapasita mpya sambamba na ile ya zamani, chanya kwa chanya, na kuwasha. Mvumo ukikatika, umepata jibu.

Utakaponunua mpya, chukua ya nyuzi joto 105, thamani ile ile au inayopanda kidogo. 3300 mahali pa 2200 ni sawa. Usitie 10,000 ukidhani kubwa ndiyo bora, kwa sababu kila ukiwasha itavuta mkondo wa ghafla ambao dayodi na fyuzi za zamani hazikuandaliwa. Volti ya kapasita iwe 35 badala ya 25: transfoma iliyosukwa kwa 220 ikipewa 240 hutoa asilimia 9 zaidi, na kapasita iliyokuwa ikipumua vizuri kule ilikotengenezwa hapa huwa imebanwa. Na ukiwa pale pale, pima dayodi zote nne. Moja ikikatika, mvumo hurudi hata kapasita ikiwa mpya.

Baada ya kapasita kuna saketi ya kusawazisha volti: transista moja kubwa iliyofungwa kwenye bati, dayodi ya zena, na kirezista kidogo cha kugeuza. Yenyewe huishusha volti 15 au 18 ya transfoma hadi takriban 11. Idadi kamili huwa imechapwa kwenye bodi. Pima upate ile ile, uipate kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya volti, kwa sababu uzi wa moto wa tyubu na volti kubwa ya flaibeki vyote hutegemea hapo. Ukikuta volti ya kuingia na ya kutoka ni sawa, transista imeshikana ndani. Zima papo hapo, ibadilishe kwanza.

Umeme ukiwa safi, ndipo twende kwenye mstari.

Anza na macho. Washa taa kali, chukua kioo cha kukuzia, geuza bodi upande wa lehemu. Tafuta plagi ya yoki, ambayo ni ile koili iliyovaa shingo ya tyubu. Hutoka nyaya nne, mbili za mlalo na mbili za wima. Pini za plagi hiyo hupata joto na hutikisika kila runinga ibebwapo, na lehemu iliyozishika huchoka. Ukiinama karibu utaona duara jembamba jeusi limeizunguka pini, mfano wa ufa unaozunguka msumari uliolegea ukutani. Isukume pini kwa kijiti: ikicheza hata kidogo, umeupata ubovu. Fyonza lehemu ya zamani yote, kwaruza pini hadi ing'ae, tia mpya. Kuyeyusha ile ya zamani tu bila kuitoa hudumu miezi michache. Kagua vivyo hivyo miguu ya IC ya wima na ya transista zilizofungwa kwenye bati, maana nazo hupanuka na kunywea kwa joto.

Lehemu ikiwa nzima, zima umeme, chomoa plagi ya yoki, pima koili. Ile ya wima husoma omu chache hadi makumi kadhaa. Ya mlalo husoma chini ya hapo, pengine omu moja au mbili. Ya wima isiposoma kitu, tazama mahali ambapo waya mwembamba wa koili umeunganishwa na kituo chake. Hewa yetu ya chumvi hupenda kuula waya huo hapo hasa, na mara nyingi unaweza kuurefusha kwa kipande cha waya na kuuokoa. Usiiwashe runinga plagi ya yoki ikiwa nje. Miale yote itakuwa nukta moja na itatoboa unga wa kioo kwa sekunde.

Koili nzima? Rudisha plagi, washa, na upime volti inayoifikia sehemu ya wima. Katika runinga nyingi za aina hii utakuta IC kama µPC1031H2, au transista mbili zinazosukumana, na chakula chao hupitia kirezista kidogo cha omu chache kinachofanya kazi ya fyuzi. Volti 11 upande mmoja na sufuri upande wa pili maana yake kimekatika. Lakini hakikatiki chenyewe. Kabla ya kukibadilisha, zima na upime kutoka upande wa pili hadi ardhi: ukikuta karibu sufuri omu, IC au transista imeshikana, na rezista mpya itaungua kama ya kwanza.

Kama ni transista mbili, kuna mahali pamoja pa kupima panapoeleza mengi: pale zinapokutana. Pawe na karibu nusu ya volti ya chakula, yaani 5 au 6. Pakiwa na sufuri au volti nzima, mojawapo ya transista ni mbovu au kapasita ya kuzipa msingi imevuja. Pakiwa na nusu sawasawa na bado una mstari, hatua ya mwisho iko tayari kufanya kazi, ila haipokei amri au haifikishi nguvu kwenye koili.

Kufikisha nguvu ni kazi ya kapasita moja iliyoungwa mfululizo na koili ya wima, ya maikrofaradi 470 hadi 1000, volti 16 au 25. Kwangu mimi hii ndiyo mshukiwa wa kwanza katika runinga iliyokaa miaka 20 bila kuwashwa. Iko karibu na bati lenye joto, maji yake hukauka, na inapokauka kabisa koili haipati kitu. Ikiwa imekauka nusu, picha hujikunja chini au hujazana juu. Zima, unga nzima sambamba nayo, washa. Mstari ukifunguka kuwa picha, kazi imekwisha kwa bei ya kapasita moja.

Usipofunguka, pima kama amri inafika. Chukua kapasita ya maikrofaradi 0.47 na rezista ya kiloomu 10, uziunge mfululizo. Ncha moja ishike kwenye waya wa AC ya volti ndogo ya transfoma, kabla ya dayodi, runinga ikiwa kwenye umeme wa ukutani; ncha ya pili igusishe mahali amri inapoingia kwenye hatua ya mwisho ya wima. Huko unaingiza Hz 50 kwa mkono. Mstari ukitanuka hata upana wa vidole viwili, hatua ya mwisho ni nzima na ubovu uko nyuma yake, kwenye saketi inayozalisha mapigo. Kuwa makini na upande wa transfoma unaogusa: ule wa 240 unaua.

Nyuma huko, cha kutazama kwanza ni virezista vidogo vya kugeuza kwa bisibisi, vilivyoandikwa HEIGHT (urefu wa picha) na V.HOLD (kuisimamisha picha isipande wala kushuka). Njia yake ya kaboni hushika kutu, na mkono wake haugusi tena. Weka alama ya kalamu mahali ulipokuta kila kimoja, nyunyiza dawa ya kusafishia swichi, zungusha kwenda na kurudi mara 20, kisha rudisha kwenye alama. Runinga nyingi za miaka ya mwisho ya aina hii zilikusanya kila kitu ndani ya IC moja, kama KA2915 au AN5151. Usiihukumu IC hiyo haraka: pima kwanza volti inayoingia, kisha badilisha vikapasita vilivyoizunguka upande wa wima. Ile ya kupima muda wa mapigo, kama ni ya filamu au tantalamu, ibadilishe kwa aina ile ile. Ya kawaida itafanya picha ikimbie kila joto linapopanda.

Nikuonye kuhusu kubadilisha kapasita zote kwa pamoja. Wengi hufanya hivyo, na mimi naona ni vyema tu kwa zile za maji, moja baada ya nyingine, ukiwasha baada ya kila tatu au nne ili ukikosea ujue ulikosea wapi. Bodi hizi ni za karatasi ngumu ya kahawia, na njia zake za shaba hubanduka ukizichoma zaidi ya sekunde tatu. Chuma cha wati 30 hadi 40 chatosha, na lehemu ya 60/40 yenye unene wa milimita 0.8. Na kuna kapasita ambazo hutakiwi kuzigusa bila sababu: zile za filamu zilizo karibu na transista ya mlalo na flaibeki, zenye volti kubwa. Ukitia yenye thamani ndogo kuliko ya asili, volti ya tyubu hupanda, insulesheni hupasuka, na flaibeki ambayo tulishukuru kuwa nzima hufa.

Kukwaruza kwa volyumu ni jambo dogo: dawa ya swichi, tone mbili ndani ya tundu la volyumu, zungusha. Usitumie mafuta ya kulegezea kutu. Hubaki na kukusanya vumbi. Lakini ile swichi ndefu ya TV na redio ipe muda wake. Ndani yake kuna safu za vyuma vidogo vilivyopakwa fedha, na fedha katika hewa yetu hugeuka nyeusi. Swichi hiyo hiyo hupitisha chakula, sauti na mapigo, kwa hiyo uchafu wake unaweza kuleta maradhi kumi yasiyohusiana: sauti inayopotea, picha inayokwenda na kurudi, redio inayosikika ndani ya TV. Nyunyiza, isukume kwenda na kurudi mara 30, ngoja dakika kumi, rudia.

Redio yenyewe iache kama ilivyo. Usizungushe vile viini vya rangi vya koili, kwani hupasuka kwa kuwa vikavu, na redio inayoshika stesheni haina haja navyo. Ukikuta FM yake imeandikwa 76 hadi 90, ni ya soko la Japani na itashika zile chache zilizo chini ya 90 tu. Mvumo mwingine ukitokea kwenye AM peke yake, zima taa za LED na chaja za simu nyumbani kabla ya kulaumu redio. Uzi wa kuvutia mshale wa stesheni ukiwa umekatika, mshipi wa kuvulia uliosukwa unafaa vizuri, mizunguko miwili au mitatu kwenye kigingi cha kitasa. Ule wa nailoni moja huteleza na kurefuka.

Sasa neno la fundi wako kuhusu stesheni. Ni kweli kwamba matangazo ya analojia Kenya yalizimwa mwaka 2015, na runinga hii peke yake haitashika kitu hewani. Lakini kinachohitajika ni king'amuzi cha kawaida cha DVB-T2 chenye tundu za AV za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu. Tazama kwanza kama runinga ina kitundu cha AV pembeni. Baadhi zinacho, na hapo hadithi imekwisha. Kama haina, kuna kisanduku kidogo kinachoitwa modyuleta ambacho hupokea AV na kutoa chaneli ya analojia. Hakikisha ni cha mfumo wa PAL B/G, ambao sauti yake iko MHz 5.5 mbali na picha, ndio uliokuwa ukitumika kwetu. Ukinunua cha Marekani chenye sauti ya 4.5, utapata picha isiyo na sauti. Tundu la antena lililo nyuma ya king'amuzi usilitegemee: kwa kawaida hupitisha tu mawimbi ya antena, halitoi chaneli.

Njia ya tatu ni kuingiza picha moja kwa moja kwenye bodi, pale inapoingia kwenye transista ya kwanza ya picha, na hii hutoa picha safi kuliko zote. Lakini thibitisha kwanza kwamba bodi haigusani na umeme wa ukutani: plagi ikiwa nje na swichi imewashwa, pima kati ya kila pini ya plagi na ardhi ya bodi. Mita isisome kitu. Ikisoma, usiunge kifaa chochote. Ikiwa salama, kata njia inayotoka kwenye detekta (sehemu inayotoa picha kutoka kwenye mawimbi ya antena), unga waya wa njano kupitia kapasita ya maikrofaradi 100, na rezista ya omu 75 kati ya waya huo na ardhi. Picha ikitokea kama hasi ya filamu, nyuso nyeusi na nywele nyeupe, na ikikataa kusimama, umeingia mahali ambapo mawimbi yamegeuzwa. Sogea hatua moja mbele au utie transista moja ya kugeuza. Sauti iingie kwenye mguu wa juu wa volyumu kupitia kapasita ya maikrofaradi 1.

Kwenye menyu ya king'amuzi chagua PAL na umbo la 4:3. Ikiachwa kwenye NTSC, picha itapanda kama ngazi, kwa sababu ni mapigo 60 mahali pa 50, na utahangaika na V.HOLD bure. Ndipo urekebishe HEIGHT hadi duara lionekane duara.

Mwisho ni hewa. Nyumba za Kibokoni zimeinamia bahari, na wakati wa kusi chumvi hukaa kwenye kila kitu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na siku ya mvua za masika utasikia "chiii" kutoka kwenye flaibeki, au uone mwanga wa zambarau gizani kuzunguka kikombe cha mpira. Ukimaliza kazi, toa chaji tena, inua kikombe, safisha kioo chini yake na mpira wenyewe kwa spiriti, kausha kwa feni nusu saa, kisha paka grisi nyembamba ya silikoni ukingoni. Runinga isipotumika, iweke mahali pakavu pamoja na pakiti za silika, usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu, na uiwashe saa moja kila mwezi. Joto lake hufukuza unyevu na kapasita hukaa hai. Na mawe, yatoe kila ukimaliza kutumia.